Aliandika Hajaoa

"Mwulize kama amewahi kuolewa," afisa uhamiaji alisema bila kuinua macho kwenye faili.

Swali jepesi. Mkalimani alikuwa amelitafsiri pengine mara elfu moja katika chumba hicho hicho chenye meza moja, viti vitatu na dirisha lisilofunguka. Leo alijifanya anatafuta ukurasa kwenye daftari lake. Maana mwanamke aliyeketi mbele yake, mikono mapajani, mkoba wa kuwekea karatasi miguuni, alikuwa mkewe.

Tusimwonee. Hakujua kwamba angemkuta pale. Kwenye ratiba ya asubuhi huandikwa namba za mafaili na lugha inayotakiwa, basi. Ila mlango ulipofunguliwa akamwona, sheria ilimtaka aseme palepale kwamba huyu namfahamu, leteni mkalimani mwingine. Hakusema. Mwanamke naye alimtambua, akakaa kimya. Yeye alikuwa na sababu: mkalimani mwingine maana yake ni tarehe nyingine, miezi minne mbele, na kibali chake cha kazi kilikuwa kimebakiza siku kumi na tisa. Mkalimani hakuwa na sababu yoyote zaidi ya woga.

Watu wa kwao walimwita Bwana Fomu. Kila aliyetaka kubaki ughaibuni alipitia kwake. Jumamosi sebule yake ilijaa, viatu vimetapakaa mlangoni, naye akiwachambulia njia moja moja. Kibali cha masomo kinataka mahudhurio, usidhani utajiandikisha halafu ukalale. Kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri, akifunga biashara na wewe umefungiwa mlango. Kibali cha mchumba kinakupa miezi mitatu mfunge ndoa. Na ukaazi wa kudumu, ambao watu waliutaja kwa sauti ya chini, huo ni wa wenye subira na mafaili safi. "Jazeni ukweli," aliwaambia. "Fomu haisahau." Aliyasema hayo bila kupepesa macho, na fomu yake mwenyewe aliijaza uongo.

Ilikuwa miaka minane nyuma, ndoa yao ina miezi saba. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwembamba, ulimi mkali, ndiyo sababu alimwita Sindano. Nafasi ya ukalimani ikatokea nje. Wakala akamweleza kwamba mwenye ndoa lazima aambatanishe karatasi za mwenzake, na kuzichunguza huchukua miezi minane. Asiye na ndoa hupata kibali kwa wiki sita. Nafasi yenyewe ilikuwa inafungwa baada ya miezi miwili. Basi akaweka fomu juu ya meza ya cherehani, akatia alama kwenye kisanduku cha "sijaoa", Sindano akimtazama.

"Kwa hiyo mimi leo ni nani wako?" Sindano alimwuliza huku akicheka.

"Wewe ni mke wangu. Hii ni karatasi tu. Nikifika nitairekebisha."

Alifika, hakuirekebisha. Kila fomu mpya ilitaka majibu yafanane na ya zamani, na aliyebainika kudanganya alirudishwa kwao bila mjadala. Kila alipohuisha kibali akarudia alama ileile. Mwaka wa kwanza alimpigia Sindano simu kila jioni. Wa pili ikawa mara moja kwa wiki. Wa tatu akawa na kazi nyingi. Wa nne ukamfikia ujumbe ambao mpaka leo anaukumbuka neno kwa neno:

"Sikulaumu. Ila kama hunichukui, niachie. Karatasi ya talaka nimeshasaini upande wangu, imebaki saini yako tu. Nikutumie kwa anwani gani?"

Aliusoma, akausoma tena, hakujibu. Kusaini talaka ni kukiri kwamba kulikuwa na ndoa, na yeye alikuwa ameapa mara tatu kwamba haikuwapo. Akaizuia namba ya mkewe. Hapo hatuna la kumtetea.

Sindano hakukaa akilia. Alisomea uuguzi wa wazee, akapata kazi na kibali chake mwenyewe, akaja kwa miguu yake kwenye nchi hiyo hiyo. Miaka miwili akawaogesha na kuwalisha wazee wa watu, mpaka nyumba ile ya wazee ilipotangaza kwamba inafungwa. Njia iliyobaki ilikuwa ya mchumba. Mchumba mwenyewe, raia wa nchi ile, alikuwa fundi bomba aliyeitwa pale kutengeneza koki inayovuja. Aliirudia koki hiyo mara tatu, na mara ya tatu haikuwa na ubovu wowote. Sasa alikuwa nje kwenye korido, akingoja.

"Bwana mkalimani," afisa alisema. "Swali langu."

Akalitafsiri.

"Ndiyo," Sindano alijibu. "Niliolewa kwa harusi na mashahidi, na sijaachika."

Mkalimani alimtupia jicho afisa. Afisa hakujua hata neno moja la lugha yao. "Hapana" moja ingetosha. Sindano angepata kibali na kuolewa na fundi wake, na yeye angeupata ukaazi wa kudumu, ambao ombi lake lilikuwa limebakiza hatua ya mwisho. Nani angeumia? Akamwinamia Sindano kama mtu anayefafanua swali.

"Sema hapana," alinong'ona. "Nitatafsiri hapana, mambo yaishe."

"Hapana ulishaisema wewe, ikanila miaka minane," Sindano alijibu taratibu. "Yule aliyeko nje sitaki kuanza naye kwa uongo. Tafsiri nilichosema."

"Anasemaje?" afisa aliuliza.

"Anasema ndiyo. Aliolewa, na hajapewa talaka."

Afisa alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni. Alieleza kwamba mwenye ndoa hawezi kupewa kibali cha mchumba, na kwamba bila talaka iliyosainiwa na pande zote mbili ombi linakataliwa leo leo. Sindano akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ikapasuka, akaiunga kwa gundi ya karatasi. Chini kulikuwa na saini moja na mstari mmoja mtupu.

Afisa alitaka kujua kwa nini mume hajasaini. Hapo kazi ya ukalimani ilimwonyesha mkalimani ukatili wake, kwa sababu desturi ya kazi hiyo ni kusema kama aliyesema, usiongeze wala usipunguze. Ikabidi akae pale, tai shingoni na kitambulisho kifuani, aseme kwa mdomo wake: mume wangu alijiandika hajaoa. Nilimwomba anichukue. Nikamwomba aniache. Hakunichukua, wala hakuniacha. Aliyasema yote.

"Huyo mume yuko wapi sasa?" afisa aliuliza.

Mkalimani alitafsiri, akasubiri kidole kimwelekee. Kwa kweli alikitamani kidole hicho. Angeshtakiwa na mtu mwingine, asingehitaji kujishtaki.

Sindano alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mwambie sijui."

Alidhani hakusikia vizuri. Kisha akaelewa. Mwanamke huyu alikuwa tayari kufungasha, kumwacha fundi wake kwenye korido na kuondoka baada ya siku kumi na tisa, kuliko kumtaja. Angeweza kumchukia, angekuwa na haki yote. Badala yake alikuwa anamfichia siri. Mkalimani aliona aibu ambayo hakuwa ameionja maishani mwake.

"Anasema hajui," alimwambia afisa. Kazi yake ilikuwa imeishia hapo. Akaendelea. "Lakini mimi najua. Ni mimi."

Afisa aliweka kalamu mezani.

"Unaelewa unachokisema? Ombi lako mwenyewe liko ghorofa hii hii, chumba cha tatu."

"Naelewa. Naomba hiyo kalamu."

Akasaini. Saini ikatoka ya kupinda, afisa akagonga muhuri wa shahidi juu yake. Kisha akamtaka aandike maelezo yake yote kwa mkono na kuacha kitambulisho. Kuhusu faili la Sindano hakuahidi kitu, alisema tu kwamba sasa limekamilika.

Walipotoka, fundi bomba alisimama upesi, vikombe viwili vya chai vimempoea mikononi. Sindano alimweleza kwa lugha ya pale, ile nusunusu aliyoiokota kazini, kwa maneno machache, huyu ni nani na amefanya nini. Fundi akamtazama mkalimani kitambo. Halafu akaweka vikombe chini, akampa mkono, akashuka ngazi kumngoja Sindano kule chini. Mkalimani angependa mtu huyo awe mbaya kidogo.

"Kwa nini ulisema hujui?" alimwuliza Sindano.

"Nimekuomba saini miaka minne. Leo nilichoka kuomba." Alikuwa anapanga karatasi kwenye mkoba. "Na sikutaka kuolewa kwa kukufukuzisha wewe."

"Ungenitafuta hapa mjini. Ningeweza..."

"Kukutafuta? Mwezi wangu wa kwanza tu kila mtu alinielekeza kwa Bwana Fomu. Nenda Jumamosi, wahi foleni. Nikaona nisipange foleni kwa mume wangu."

Mtu alipita na rundo la mafaili, wakasogea ukutani kumpisha.

"Nisamehe," alisema. "Nilidhani nayalinda maisha yetu, Sindano."

"Ulikuwa unalinda kibali. Na jina hilo usiniite tena."

"Sawa." Kulikuwa na swali alilolikimbia miaka minane, na sasa hapakuwa na pa kukimbilia. "Ningekuita, hata kwa kibali cha mwezi mmoja tu, ungekuja?"

Sindano alifunga zipu ya mkoba mpaka mwisho.

"Mwaka ule wa kwanza sanduku langu lilikaa mlangoni, limeshapangwa. Nikifagia nalizunguka. Ungeniita kwa wiki moja ningekuja."

Akashuka ngazi. Mkalimani alibaki amesimama pale, na watu waliokuwa wakingoja zamu zao walimwona akilia, wengine wakidhani amenyimwa kibali.

Kibali alinyimwa kweli, lakini baada ya wiki tano, kwa barua ya ukurasa mmoja: ombi la ukaazi limekataliwa kwa sababu ya taarifa za uongo, una siku thelathini za kuondoka. Bwana Fomu alizijua njia zote za kutokea. Angeweza kukata rufaa akavuta mwaka mzima, angeweza kujiandikisha chuo. Mteja wake mmoja wa Jumamosi, mama mjane mwenye uraia, alimwambia kwa utani usio wa utani kwamba yeye hana mume na nyumba ina nafasi. Alimshukuru, akakataa. Kila njia ilianza na fomu, na alikuwa amechoka na fomu. Wiki ile ile simu yake ilipokea ujumbe kutoka namba ngeni:

"Kibali kimetoka. Tunafunga ndoa Jumamosi. Kwa ile saini nakushukuru. Mpigie mama yako, kuna mambo ayasikie kwako, si kwangu."

Alikaa kitandani akiusoma. Miaka yote hiyo yeye alimpigia mama yake simu za dakika mbili tu, salamu na kwaheri, akiwahi kukata kabla hajaulizwa habari za mkewe. Safari hii alipompigia hakukata.

"Mama, narudi nyumbani mwezi huu."

"Alhamdulillah. Mnarudi wote?"

"Wote na nani, mama?"

"Na mkeo, baba. Tangu aje huko kwako haijapita Jumapili hajanipigia. Nikimwuliza mwenzako yuko wapi, ananiambia yuko kazini, kazi zimembana, ila anakusalimu sana."

Mkalimani alishika ukingo wa kitanda. Miaka miwili. Jumapili zote hizo Sindano alikuwa akimpelekea mama salamu ambazo yeye hakuzituma. Akaanza kusema. Alianza na fomu juu ya meza ya cherehani, akamaliza na muhuri wa afisa, hakuruka kitu na hakujitetea. Alipofika mwisho alisikia mama akizima redio.

"Kwa hiyo huko hamkuwahi kukaa pamoja," mama alisema.

"Hata siku moja, mama."

"Na Jumapili zote ananiambia uko kazini."

"Hakutaka uhuzunike."

"Hakutaka nikuchukie," mama alimsahihisha. "Ulikuwa na mke wewe, mwanangu."