Ile Yako Nimeifuta

Siku ya kwanza tu, Salvator alimharibia Kabula picha. Ilikuwa saa nne asubuhi, soko la Mpanda limejaa hadi pa kuweka mguu hakuna. Kabula alisimama juu ya kreti la soda, fulana ya njano, kitenge kakizungusha kiunoni juu ya suruali, kamera ndogo mkononi. Alikuwa anatengeneza filamu yake ya kwanza, ya muuza mchele na kijana wa reli. Glory, mwigizaji wake, alikuwa ameanza kulia machozi ya kweli, ndipo kijana mrefu akapita katikati na ndoo ya samaki, migebuka ya ziwani, kichwani.

"Kaka, umepita kwenye picha yangu."

Salvator akatua ndoo. Akaomba radhi mpaka wauza nyanya wakaanza kucheka. "Dada, nimekuunguzia mkanda. Sijui nikufanyie nini."

"Mkanda gani? Nafuta, tunarudia. Hata mara ishirini."

Salvator akainama kutazama kioo cha kamera. Akajiona, ndoo kichwani, mdomo wazi. Kabula akabonyeza, Salvator wa kwenye kioo akatoweka. Yule wa kweli akabaki anashangaa, kwanza kamera, kisha mwenye kamera.

Nyumbani kwa kina Salvator, Kapalamsenga, ilikuwepo kamera ya marehemu baba yake, ya kutia ufunguo kama saa. Mzee alizunguka nayo vijiji vya ziwani. Mkanda mmoja ulikwenda dakika tatu tu, na kuuona mpaka upelekwe mbali kusafishwa, urudi baada ya miezi. Kwa hiyo mzee alimfundisha mwanawe kuvuta pumzi kwanza, ndipo abonyeze. Mkanda mmoja ulikuwa umebaki, haujafunguliwa.

Simu zikaanza, Salvator akamsimulia kamera hiyo na mkanda usiorudiwa. Kabula akamwita Babu Mkanda. Yeye akamwita Fundi Futafuta. Mwigizaji wa kijana wa reli alipopata kazi Dodoma, Salvator akaombwa achukue nafasi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kumtazama Glory, aliyeigiza Tunu muuza mchele, na kusema, "Nakupenda, Tunu." Akakosea mara kumi na moja, na kila akikosea Kabula anafuta. Mara ya kumi na mbili akavuta pumzi, akainua macho yakampita Glory, yakaenda moja kwa moja kwenye kamera.

"Nakupenda, Kabula."

Glory alicheka hadi akakaa chini. Kabula akajificha nyuma ya kamera, akasema kata, basi.

Jioni hiyo Salvator akamwachia kamera ya baba imefungwa kwenye khanga. Akamwomba aifute vumbi kwenye kioo, maana Kabula ndiye alikuwa na kitambaa laini cha kazi hiyo. Kisha akarudi ziwani kufuata samaki.

Siku tatu akangoja jibu. Ya nne akapiga simu, mtandao unakatika, lori linanguruma pembeni.

"Kabula, ile yangu umeiangalia?"

"Ile yako? Nimeifuta jana. Imebaki safi, utadhani haijawahi kuguswa."

Simu ikakatika. Salvator hakupiga tena.

Kabula alipiga mara tisa, haipokelewi. Alhamisi ukaja ujumbe: "Umefuta, sawa. Kamera ya baba mpe dereva wa lori la samaki. Jumamosi naenda Kigoma kwa mjomba, sirudi."

Akausoma tena. Kama kamera ameitaja kando, basi anachodhani kimefutwa ni kitu kingine: ile picha ya mara ya kumi na mbili. Akaanza kucheka. Katikati ya kicheko akaona neno Jumamosi, akaacha.

Kesho yake aliteremka kwenye basi Kapalamsenga, gauni la bluu, kamera ya mzee begani ndani ya khanga, vumbi mpaka kwenye kope. Salvator alikuwa anakunja mashati kwenye begi. Kabula hakumsalimia. Akamshikisha kamera yake ndogo, akabonyeza.

"Nakupenda, Kabula," Salvator akajisikia anasema.

"Hiyo nimeihifadhi sehemu tatu. Nilichofuta ni vumbi la kamera ya baba yako, Babu Mkanda."

Salvator akakalia begi lake. Akauliza, kama ni hivyo, siku ile mbona hakumjibu.

"Ningekujibu kwenye hii, ungesema naweza kufuta. Tia mkanda wako kwenye ya baba."

Salvator akajifunika blanketi kichwani ili mwanga usiuunguze, akautia mkanda kwa kupapasa, jasho linamtoka. Akatoka, akazungusha ufunguo, akavuta pumzi. Kamera ikalia kama cherehani. Kabula akapangusa uso kwa pindo la khanga, akaitazama bila kupepesa.

"Mimi Kabula, binti Luhende wa Litapunga, nakupenda Salvator. Nitakuwa mke wako. Jumapili njoo kwa baba na wazee wako, na uvae shati lenye vifungo vyote."

Akacheka, akazungusha gauni, akalionyesha begi lile kwa kidole, kwamba aliondoe, safari hakuna. Dakika tatu zikaisha, tak.

Salvator akashusha kamera. Kwa aibu akamwambia kwamba mkanda ule umezeeka, huenda usitoe kitu. Halafu kuna jingine.

"Haichukui sauti."

"Kwa hiyo nimesema bure?"

"Mimi nimesikia. Ila rudia."

"Si ulisema mkanda haurudiwi?"

"Mkanda haurudiwi. Wewe rudia."

Kabula akasogea karibu, akarudia.