Kopo la Gundi

Jamani, sogeeni niwaeleze habari za nyumba ya fundi viatu. Vyumba viwili tu: cha nyuma wanalala, cha mbele kazi. Asubuhi mume yuko kwenye kigoda, kiatu magotini, mkewe anapiga rangi huku akiimba. Watu walimwita mke huyo Mama Sindano, kwa ulimi wake unaochoma.

Raha haikukaa. Chumba kile kilikuwa na kidirisha kimoja, na gundi ya viatu harufu yake mnaijua. Fundi alianza kwa kuinamia kopo aone kama gundi imelainika. Mwisho akawa analiinamia hata siku isiyo na kazi, anavuta mpaka macho yanamlegea. Mikono ikatetemeka. Kiatu cha kushoto cha mtu akakibandika soli ya kulia!

Mama Sindano akaenda kwa mkuu wa mtaa, si mara moja, mara tatu.

"Mheshimiwa, duka la pale kona linauza gundi kwenye vichupa. Wanaonunua hawana hata viatu. Wanavuta!"

"Mama, gundi ni bidhaa halali. Mtunze mumeo."

Haya. Ndio wakubwa wetu hao: nyumba yako ikiungua, wao wanakuja kuota moto.

Mama Sindano hakulia. Alilitoa kopo nyumbani, akanunua uzi wa nailoni na sindano nene, akajifunza kushona soli kwa mkono. Vidole vilitoboka hadi kufua akashindwa. Kila wiki alimpeleka mumewe kwa muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye peke yake aliyewasikiliza. Mume alimtukana, akapekua makabati akitafuta kopo. Mke akashona.

"Shoga, kiatu kimoja siku nzima?" jirani alimcheka. "Utazeeka hujamaliza jozi!"

"Acha nizeeke, bora nizeeke na mume."

Miezi ikapita, mikono ya fundi ikatulia, naye akashika sindano.

Siku moja Mama Sindano anatoka bombani, ndoo kichwani, akamkuta mkuu wa mtaa mlangoni, mguu mmoja peku, anaongea na simu.

"Nina mkutano," alimwambia mama. "Soli imeachama. Gundi nimekuja nayo mwenyewe, nimemwachia fundi apake."

Harufu ikampiga puani. Ndoo ikamponyoka. Akaingia mbio.

Kichupa kilikuwa mezani, wazi. Fundi alikuwa amesimama kidirishani, amekipa kichupa mgongo, shati amelivuta hadi puani, jasho linamtiririka.

"Mke wangu, kitoe," alisema. "Nikikigusa mimi, nimekwisha."

Akakichukua, akaenda kumkabidhi mwenyewe.

"Bidhaa yako halali hii hapa, mheshimiwa. Hapa tunashona. Subiri."

Mkuu akasubiri, mguu peku kwenye tope la ile ndoo, mpaka mkutano ukampita.

FUNZO

Ulevi hauji na jina lake. Unaweza kuwa ndani ya kopo la kazi yako, na unaanza kwa kuinama tu. Aliyenaswa msimtukane, mpelekeni kwa mtabibu, na kinachomlevya kiondoke nyumbani. Anayesema "kitoeni, mimi siwezi" si dhaifu, huyo ameshaanza kupona. Nanyi mliopewa viti, mtu asiambiwe arudi mara tatu. Na mwenye mke kama Mama Sindano amshukuru angali anasikia. Wengine tulikumbuka kaburini.