Ndala Zilizogeuzwa Mlangoni

Gari la wasafiri lilikuwa limeshaiacha Salatiga nchini Indonesia, likishika njia ya uwanja wa ndege wa Semarang, Bu Wening, yaani Mama Wening, alipofungua pochi yake ya pasipoti. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki tu. Alipapasa tena kwa vidole, maana macho yake hayakuwa ya kutegemewa. Dereva akaegesha, mkoba ukamwagwa kitini: dawa ya matone, tasbihi, kitambaa cha batiki alichokichora kwa nta mwaka mzima. Pasipoti hakuna.

Wenzake watano wakatazamana. Tiketi ilikuwa ya kikundi, na ndege haimngoji mtu. Pak Wiryo, yaani Bwana Wiryo, mwenyekiti wa mtaa na polisi mstaafu, aliyepanda kuwasindikiza tu, akamshika mkono wakashuka. Gari likaondoka.

Daktari alikuwa ameshamwambia Bu Wening kwamba mvua za mwaka huu zikiisha, kuona nako kutakwisha. Ndiyo maana safari hii ya Japani, ya kwanza na ya mwisho, aliipanga kama mtu anayepanga mazishi yake. Alitaka kitu kimoja: kukaa sakafuni kwenye nyumba ya wageni ya Bibi Hatsue, anywe chai, atazame bustani wakati majani yamekuwa mekundu. Habari za bustani hiyo alizipata kwa Mbak Ngatini, yaani Dada Ngatini, aliyeishi huko miaka tisa. Kila Jumapili Ngatini aliwafundisha wasafiri kuinama, kushika bakuli, kuvua viatu vyao na kuvigeuza vielekee nje. Alisema Bibi Hatsue alimlea kama binti. Batiki ilikuwa zawadi ya kumpelekea bibi huyo. Wengine wangebaki mjini. Bu Wening peke yake ndiye aliyetenga siku ya kwenda kumwona.

Nyumbani kwa Bu Wening, Pak Wiryo alianza kumhoji Yanuar, mpwa wa Bu Wening, maana ndiye aliyeitia pasipoti pochini jana jioni kabla ya kisomo cha kuwaaga. Isitoshe alikuwa amegombana na shangazi yake, akitaka fedha ya safari iende kwenye macho.

"Ningetaka kumzuia ningeiba kabla tiketi haijalipwa," Yanuar alisema. "Jana ingenisaidia nini, Pak?"

Akaenda kwa Bu Tumirah, jirani aliyenyimwa viza akanuna wiki nzima.

"Mimi na roho yangu mbaya tulikuwa jikoni tunakaanga tempe ya soya ya mtaa mzima," alisema. "Tafuta mafuta yangu kwenye hiyo pochi, ukiyaona nifunge."

Pochi ilikuwa ya kitambaa cheupe. Haikuwa na doa.

Pak Wiryo akaketi kibarazani, akatazama miguu yake. Jana alichelewa kisomoni, akazirusha ndala zake mlangoni kwa Bu Wening, moja ikapinduka. Wakati wa kutoka alizikuta zimepangwa sawa, zinaelekea barabarani, akazivaa bila kuinama. Za watu wote zilikuwa hivyo. Wanafunzi wa Jumapili hugeuza viatu vyao. Nani aligeuza vya wengine, na lini, kama si wakati vichwa vyote vimeinama kwenye dua?

Alikwenda kwa Ngatini. Mlangoni akazitupa ndala makusudi, huku na huku.

"Karibu, Pak. Nimesikia, masikini Bu Wening," Ngatini alisema, na huku akisema alikuwa ameshapiga magoti, ameziokota, amezigeuza kwa mkono mmoja bila kuzitazama.

"Mbak," Pak Wiryo alisema, "binti wa nyumba hageuzi viatu vya wageni."

Ngatini aliiangalia mikono yake. Kisha akaenda jikoni, akaitoa pasipoti kwenye pipa la mchele. Wakati huo ndege ilikuwa imeshapaa.

Pak Wiryo alimpeleka kwa mwenyewe akaseme.

"Nilikuwa mtu wa viatu, Bu. Viatu na vyoo. Nilipita mlango wa nyuma miaka tisa, na Bibi Hatsue hakuwahi kuniuliza jina. Ungefika na batiki yako useme umetumwa na Ngatini, wangekuuliza Ngatini ndiye nani. Na hapa mtaa mzima unaniita mwalimu. Nikaichukua wakati wa dua, nikatoka nje nitulie. Mikono ikakataa kutulia, ikaanza kugeuza viatu."

Bu Wening hakuuliza habari ya wizi.

"Majani ni mekundu kweli?"

"Sijui, Bu. Tuliyafagia kabla wageni hawajaamka. Kulikuwa na giza."

Polisi hawakuitwa. Wale watano walirudi na picha. Bu Wening alizishika, akashukuru. Ngatini alihamia kwa kaka yake kisiwani Kalimantan. Yanuar alipata kazi katika mji wa Solo. Bu Tumirah aliomba viza tena, akanyimwa. Pak Wiryo bado ni mwenyekiti. Mvua zilikwisha mwezi wa Aprili, na Bu Wening haoni. Batiki iko kabatini, na pasipoti imefungwa ndani yake, haina muhuri hata mmoja.