Mdomo Uliogeuka Mweupe

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Kasuku ilikuwa kuosha vyombo na kupiga deki sebuleni, huku mama akishona nguo za wateja barazani. Kasuku halikuwa jina lake. Kaka zake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuishiwa maneno. "Ukitaka mtaa mzima ujue jambo," walisema, "mnong'oneze Kasuku, kisha mwambie asiseme."

Jumamosi hiyo hakumaliza hata vyombo. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyeishi nao, alimvuta pembeni.

"Nisindikize mara moja, unishike mkono tu. Ila uniapie mama yako hatajua."

"Tunakwenda wapi, mamdogo?"

"Apa kwanza."

Kasuku akaapa. Alimpenda sana mama yake mdogo. Jumatatu mamdogo angeanza kazi mapokezi ya hoteli, na tangu apate barua ya kazi hakubanduka kwenye kioo. Alilalamika kwamba midomo yake ni myembamba kama uzi.

Walipanda ngazi mpaka saluni ya kucha. Nyuma ya pazia, fundi wa kucha alivuta droo iliyojaa rangi na tupa za kucha, akatoa bomba la sindano. Hakunawa mikono. Hakuuliza kama mamdogo ana ugonjwa wowote, wala kama kuna dawa inayomdhuru. Alimkabidhi Kasuku boksi dogo.

"Nisomee hapo, mwanangu. Macho yangu hayaoni maandishi madogo."

Kasuku akasoma jina la dawa, herufi moja moja. Mtu asiyeweza kusoma boksi, ataionaje njia ya sindano?

"Ndiyo yenyewe, jeli ya kujazia midomo," fundi alisema. "Fumba macho, bibie. Urembo ni kuvumilia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Mamdogo aliubana mkono wa Kasuku mpaka vidole vikafa ganzi. Sindano ya tatu ilipotoka, upande mmoja wa mdomo wa juu ukageuka mweupe kama chaki.

"Mbona hapa pamekuwa peupe?" Kasuku aliuliza.

"Mtoto ana maswali huyu! Jeli inajipanga tu. Akaweke barafu, jioni atakuwa malkia."

Nyumbani, mamdogo alijifungia chumbani na barafu mdomoni. Alimwambia mama jino linamuuma.

"Jino?" mama akacheka. "Jana si ulitafuna mifupa ya kuku mpaka tukakuogopa?" Mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani.

Adhuhuri Kasuku alimpelekea maji. Mamdogo alipoondoa kitambaa, Kasuku nusura aangushe kikombe. Weupe ulikuwa umeenea, na mistari ya zambarau ilipanda kuelekea puani kama wavu.

"Kunauma?"

"Kunawaka moto. Nimempigia fundi, hapokei."

Kasuku alibonyeza mdomo wake mwenyewe. Ulififia, na kabla hajapepesa macho wekundu ukarudi. Kisha akabonyeza taratibu mdomo wa mamdogo. Moja, mbili, tatu... Alifika saba. Paliendelea kuwa peupe.

"Mamdogo, damu hairudi. Namwita mama."

"Uliapa!" Mamdogo alimshika kiwiko, macho yamemtoka. "Ukisema, sitakuamini tena maisha yangu yote. Unasikia?"

Kasuku alitoka, akasimama ukumbini. Akisema, atampoteza mama yake mdogo. Akinyamaza, je, mdomo ule utaoza? Alienda hadi kwenye cherehani na kusimama. Yeye asiyeishiwa maneno, leo hakuona hata moja.

"Mama," alisema mwishowe, "si jino."

Mguu wa mama ukasimama.

Nusu saa baadaye walikuwa kwa daktari wa ngozi. Daktari alibonyeza mdomo wa mamdogo, akahesabu kimyakimya, na uso wake ukabadilika.

"Barafu toa, inazidi kuibana mishipa. Umechomwa lini, na nini?"

Mamdogo aliinamisha kichwa. "Juzi... sijui ni nini. Nilifumba macho."

"Dada, siulizi ili nikuaibishe. Inaelekea ulichochomwa kimeziba mshipa wa damu. Kuna jeli ninayoweza kuiyeyusha, na kuna vitu siwezi. Nyama isiyopata damu hufa. Nahitaji ukweli."

Mamdogo alimtazama Kasuku, halafu akatazama ukuta.

"Ni leo, saa nne na robo," Kasuku alisema, na akataja jina la dawa, herufi moja moja kama alivyolisoma.

Daktari alishusha pumzi. "Hiyo huyeyuka, kama boksi halikudanganya."

Alinawa, akavaa glovu mpya. Aliuliza kuhusu magonjwa na dawa zinazomdhuru mamdogo, akaeleza hatari zilizopo, akapiga picha ya mdomo na kumpa karatasi ya kutia saini. Ndipo akachoma dawa ya kuyeyusha, akasugua taratibu, na kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Wakasubiri. Akabonyeza: peupe. Akachoma tena. Mama alikuwa akisali midomo ikicheza. Kasuku alihesabu vigae vya sakafu, akapotea, akaanza upya.

Daktari alipobonyeza mara ya tatu, wekundu ulirudi. Ulirudi polepole, lakini ulirudi.

"Mngekuja kesho, tungekuwa tunaongea mengine," alisema. "Patabaki kidonda kidogo, nitakiona kila siku. Na saluni hiyo naitolea taarifa kwa maofisa wa afya leo hii."

Mamdogo akaanza kulia. Kasuku naye.

"Nimevunja kiapo," Kasuku alisema.

Mama alimvuta kifuani. "Siri inayomuumiza mtu haifichwi, mwanangu, hata kama umeapa. Mkubwa akikutaka uifiche, kosa ni lake. Njoo useme. Utaogopa, lakini sema hivyohivyo."

"Ni kosa langu, dada," mamdogo alisema. Akamgeukia Kasuku. "Nilikutisha ili nisiaibike. Nisamehe."

Hoteli ilimpa siku tatu za kupona. Jumatano mamdogo alipanda tena ngazi za saluni, Kasuku akiwa ubavuni. Mlango ulikuwa bado wazi, maofisa hawajafika. Kwenye benchi walikaa wasichana wawili wakisubiri zamu. Mamdogo alishusha mtandio, kidonda cheusi kikaonekana juu ya mdomo.

"Nilikaa hapohapo Jumamosi, nikiwa na haraka kama ninyi," alisema. "Mwulizeni fundi amesomea wapi kuchoma sindano, na damu ikiziba atafanya nini. Asipokuwa na jibu, msimpe nyuso zenu."

Fundi alichungulia kwenye pazia, kisha akalifunga. Msichana wa kwanza akachukua mkoba wake. Wa pili akainuka na kumfuata.