Mdeki Uliofupishwa

Lukas Mgaya alikutwa chali kwenye matuta ya viazi, nusu ya uso haipo. Gobole lake lilikuwa ubavuni, mtutu umepasuka na kuchanuka kama ganda la ndizi. Konstebo Patrick, aliyezoea ajali za malori pale Makambako, aligeuka pembeni akatapika.

"Ajali, afande," alisema akijifuta mdomo. "Haya magobole ya kienyeji hupasuka."

Neno hilo lilimchoma Inspekta Oktavia. Msimu wa mahindi uliopita alisimama shamba hilihili juu ya maiti ya Fidelia, mke wa Lukas. Lukas aligaagaa chini akilia kwamba alimdhania nguruwe pori. Oktavia alimwamini, akaandika ajali, jalada likafungwa.

Safari hii kijiji hakikutaka kusikia habari ya ajali. Wote walimtaja Tarsis, kaka wa Fidelia, aliyeapa kaburini kwamba damu ya dada yake haitakwenda bure. Vijana walimfuata Lyamkena anakouza mbao, wakamrudisha kwenye pikapu, kafungwa kamba, nyusi imechanika. Askari walimnasua kwa tabu. Walionywa kwamba wakimwachia, kijiji kitammaliza chenyewe, na kwa nyuso zile Oktavia hakuona mzaha hata chembe.

"Umewahi kushika gobole?" Oktavia alimuuliza Tarsis.

"Sijawahi. Namchukia Lukas, sikatai. Lakini sijui hata linavyoshindiliwa."

Oktavia aliurudia mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Wawindaji walimweleza kwamba kila mmoja ana alama aliyoichonga kwenye mdeki wake. Ukiutumbukiza mtutuni, alama ikakaa sawasawa na mdomo, bunduki ni tupu. Alama ikibaki juu, mna baruti ndani, usithubutu kuongeza. Lukas hakuwahi kuiruka hatua hiyo. Hata waliomchukia walikiri.

Alichukua uzi, akapima mtutu, kisha akapima mdeki kutoka ncha ya chini hadi kwenye alama. Akarudia, maana hakuyaamini macho yake. Mdeki ulipungua vidole vinne.

"Patrick, umekatwa huku chini," alisema taratibu. "Mtu kaukata, halafu kashindilia baruti na risasi mle ndani. Lukas alipopima, alama ikamwambia ni tupu. Akaongeza nyingine juu yake."

Ncha ile ilikuwa imevishwa pete ya chuma, na mti chini ya pete ulikuwa na weusi mbichi wa kuungua. Pete ya namna hiyo huvishwa ikiwa ya moto, kwa koleo na nyundo. Kijijini pale mhunzi alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyelitengeneza gobole lile. Mungu wangu, alikuwa Mzee Manase, baba mzazi wa Lukas.

Walimkuta kibandani kwake, amekaa mbele ya mivukuto iliyopoa. Huko nje wanawake walikuwa wakiomboleza.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

"Pete hii umeivisha wewe?"

"Mimi."

"Na mdeki?"

"Nimeukata mimi. Baruti nimeshindilia mimi. Siku aliyokwenda kumposa yule binti, Erica. Tarsis mwachieni, hana kosa."

Oktavia alikaa juu ya gogo la fuawe bila kukaribishwa.

"Baba, ni mwanao."

"Ni wangu. Nilimfundisha mwenyewe, tangu hajaweza kuinua mtutu. Lukas hakuachia risasi kabla ya kuona jicho la mnyama. Nguruwe alimpiga nyuma ya sikio, kila mara, nyama isiharibike. Wilaya nzima inajua." Mzee aligusa nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Wanawake waliomwosha Fidelia waliniambia tundu lilikuwa wapi."

Oktavia hakuhitaji kuambiwa. Tundu alilikagua mwenyewe, akaliandika kwa mkono wake: nyuma ya sikio la kulia.

"Mtu anayebahatisha hapati pale," mzee aliendelea. "Fidelia alikuwa amegoma kuachika, na Lukas alishamtaka Erica. Nilikuja kituoni kwako, mwanangu. Ulinipa pole, ukaniambia ni ajali. Nikamwambia Lukas asioe tena. Akacheka. Erica naye akigoma jambo siku moja, je?"

Patrick alitoa pingu. Mzee alinyoosha mikono, kisha akairudisha kidogo.

"Niacheni nimzike kwanza. Hana baba mwingine."

Oktavia alimwashiria Patrick arudishe pingu zake, huku machozi yakimtoka waziwazi mbele ya askari wake. Tarsis alifunguliwa hadharani, na sababu ikatangazwa.

Jioni mzee alitupa udongo wa kwanza kaburini, mikono ikiwa imara. Lakini pale ukingoni aliyumba mbele. Waliokuwa jirani naye walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, hakuna aliyetaka kumgusa. Aliyemdaka ni Tarsis, akamshikilia mpaka udongo ukajaa.