Chujio la Gari la Mashuka

Kila asubuhi mashuka ya hospitali hufika katika nyumba moja yakiwa machafu. Kila alasiri hurudi hospitalini yakiwa meupe, yamepigwa pasi, yamekunjwa mara nne. Kazi ya kufua ni ya mke. Majirani humwita Mama Mashuka. Kazi ya kubeba ni ya mume wake.

Mume alilipenda gari lake. Lilikuwa gari la dizeli, la mtumba, lenye mlango mpana nyuma. Alilitunza kama yai. Kutoka nyumbani hadi hospitalini ni mwendo wa dakika sita tu, naye alikwenda polepole, kana kwamba amebeba maji kwenye sinia. Akifika wodi ya kwanza, anazima injini, anashusha bunda. Anawasha tena, anasogea hatua hamsini mpaka wodi ya pili, anazima. Aliamini kwamba gari lisilochoshwa halizeeki.

Siku moja taa ya njano iliwaka mbele ya usukani. Ilikuwa na picha ya kisanduku chenye vitone ndani. Mke alisema inafanana na chujio la chai. Mume akasema magari ya siku hizi ni kama watoto waliodekezwa, hulia bila kuumwa. Akakata kipande cha plasta, akakibandika juu ya taa ile. Haikuonekana tena.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki ya tatu gari liliishiwa nguvu. Kilima kidogo cha kwenda hospitalini kikageuka mlima. Injini ilinguruma, lakini gari lilipitwa na baiskeli. Mara mbili mashuka yalichelewa, na wagonjwa wakalala juu ya magodoro matupu ya plastiki. Wodi ya wazazi haikungoja mara ya tatu. Ikawapa kazi wafuaji wengine.

Usiku ule Mama Mashuka hakula. Alimkumbusha mumewe kwamba ana dada, na dada huyo ni fundi katika gereji kubwa, anapima magari kwa kompyuta.

"Yule nilimfuta kamasi mimi," mume akasema. "Leo nikamshikie tochi achungulie injini yangu?"

Asubuhi akaenda kwa Nyundo. Nyundo alikuwa fundi wa kando ya barabara, na jina hilo alipewa kwa sababu kila ugonjwa wa gari aliutibu kwa nyundo. Alilisikiliza gari, akasema chujio la bomba la moshi limeziba. Kwa hilo hakukosea. Mume akauliza dawa yake ni nini.

"Linasafishwa," Nyundo akajibu. "Kanywe chai urudi."

Neno hilo moja ndilo lililowaponza. Katika nyumba ya mashuka, kusafisha ni kufua. Ni maji na sabuni na kusuuza, na kitu kinarudi kilekile, kimetakata. Mume hakuuliza zaidi. Lakini kwa Nyundo, kusafisha ni kulikata chujio, kuingiza nondo, na kugonga mpaka vyote vya ndani vimwagike. Kisha alilichomelea harakaharaka, akaacha ufa upande wa juu. Vile vya ndani akavitia kwenye gunia. Vina chembe za madini ya thamani, na wanunuzi wake wapo.

Gari lilirudi na nguvu zake zote. Mume aliingia uani akipiga honi kama bwana harusi. Hakutazama nyuma, na nyuma palikuwa na moshi mweusi.

Siku ya nne metroni wa hospitali alimwita Mama Mashuka katika wodi ya kifua. Ni wodi ya watu wenye pumu na mapafu mabovu. Kitanda cha kwanza alilala mzee mmoja. Alikuwa ameshusha shuka mpaka kiunoni, amelishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kilichooza.

"Nusa," metroni akasema.

Mama Mashuka aliinama akanusa. Shuka lile alilifua kwa mikono yake, akalisuuza mara tatu. Lilinuka moshi wa dizeli. Kwenye pindo palikuwa na vumbi jeusi, laini, lisilopanguswa kwa kidole bila kuacha mstari.

Metroni hakufoka. Alieleza kwamba gari lao linaposimama chini ya dirisha la wodi ile, inabidi madirisha yafungwe, na yakifungwa wagonjwa wanakosa hewa. Kisha akasema, "Hawa watu wanahesabu pumzi, mama. Nawapa siku kumi. Moshi ukiendelea, hata wodi hii mtaikosa."

Na wodi ile ndiyo iliyobaki. Ikiondoka hiyo, nyumba haina kazi.

Mama Mashuka alirudi kwa miguu. Hakugombana na mumewe. Alichukua simu akampigia wifi yake, yule fundi.

Wifi alikuja jioni na sare ya gereji, mfukoni ana kikompyuta kidogo chenye waya. Alimsalimia kaka yake kwa adabu. Alichomeka waya chini ya usukani, akaibandua ile plasta, akasoma. Kisha akalala chini ya gari, akagonga chujio kwa bisibisi. Lililia kama debe tupu.

"Kaka, hili si chujio," akasema kutoka kule chini. "Hili ni kopo."

"Nyundo alisema anasafisha."

"Hukumuuliza anasafishaje?"

"Kusafisha nako kunaulizwa?"

Mama Mashuka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema taratibu, "Nikisafisha shuka kwa kulitoboa katikati, utalilalia?"

Mume akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wifi alitoka, akajifuta mikono, akawaonyesha ufa unaopitisha moshi hadi kwenye mashuka, kisha akawaeleza. Dizeli ikiungua hutoa masizi. Chujio kazi yake ni kuyanasa masizi hayo yasiingie hewani. Likianza kujaa, injini yenyewe huyachoma yakawa majivu kidogo. Lakini ili iyachome, bomba lazima lipate joto kali, na joto hilo huja kwa mwendo mrefu wa kasi moja. Dakika sita hazitoshi. Kuzima na kuwasha kila hatua hamsini ndiyo huharibu kabisa.

"Umelilea kama yai," akamwambia kaka yake, "nalo lilikuwa linaomba kukimbia."

Mume akauliza angefanya nini siku ile taa ilipowaka. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejua kwamba jibu litamuuma.

Dada yake alijibu kwamba angeshika barabara kuu, nusu saa hivi, kwa kasi ya wastani ambayo sheria inaruhusu, bila kusimamasimama. Mara nyingi taa ya njano huzima. Isipozima, au gari likikosa nguvu, ndipo unalipeleka likapimwe kwa kompyuta kabla mtu hajafungua hata parafujo moja. Maana pengine chujio halina kosa. Pengine ni kifaa cha kupimia kimekufa, au kuna mahali dizeli inavuja ndani ya injini. Kuosha chujio bila kujua kwa nini limeziba ni kupiga deki huku paa linavuja.

"Kwa hiyo nusu saa ya barabara," mume akasema.

"Nusu saa ya barabara. Na kama ingeshindikana, gereji tungelitoa tukaliosha kwa mashine. Bei yake ni malipo ya kufua kwenu kwa wiki moja. Sasa hakuna cha kuosha. Inabidi jipya."

"Jipya ni kiasi gani, wifi?" Mama Mashuka akauliza.

Wifi alitazama mashine mbili za kufulia zilizokuwa zikizunguka kibarazani. "Moja ya hizo," akasema.

Walisikiliza mashine zikizunguka. Mume akauliza kama haiwezekani kuziba ule ufa tu na gari likaendelea hivyo hivyo. Dada yake akasema moshi utaacha kuingia kwenye mashuka, lakini utaendelea kuingia kwenye vifua vya watu. Tena gari halitapita ukaguzi, na katika nchi nyingi kutoa chujio ni kosa la sheria.

"Mimi ni dada yako," akasema. "Lakini hilo sitakufanyia."

Rahisi huvunja upishi. Kesho yake wanaume watatu walikuja, wakalipa, wakaibeba mashine kubwa. Mama Mashuka aliifuta vizuri kabla haijaondoka, hata ndani ya mpira wa mlango, kama anavyooshwa maiti. Mume alisaidia kubeba upande mmoja.

Safari hii aliuliza kila kitu. Gerejini alitaka bei iandikwe kwanza. Aliuliza oili gani inafaa gari lenye chujio, akaonyeshwa, na akajua kwamba oili ya ovyo nayo huliziba. Aliomba arudishiwe kifaa kilichotolewa. Siku ya nane chujio jipya likafungwa, na dada yake akapima tena mbele yake.

Siku ya kumi metroni alifungua madirisha ya wodi ya kifua gari likiwa limesimama chini yake. Alingoja kidogo. Akaandika kwenye daftari kwamba kazi iendelee. Wodi ya wazazi haikurudi.

Sasa nyumba ile ina mashine moja. Nusu ya mashuka hufuliwa kwa mkono, na mume hufua pia, maana vidole vya mkewe vimepasuka. Kila Jumamosi yeye hushika barabara kuu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Akifika hospitalini hushusha mabunda yote langoni, akayasukuma kwa toroli mpaka wodini.

Juzi dereva wa gari la mikate alimfuata langoni mwa hospitali. Taa ya njano imemuwakia, akasema, na amepata mtu wa kusafisha chujio kwa bei nzuri, kwa muda wa saa mbili tu. Mume alimsimulia yote, hata plasta, hata mashine iliyobebwa. Haikuwa rahisi kwake kusema. Kisha akatoa kalamu, akamwandikia namba ya simu kwenye kiganja.

"Ni fundi gani huyu?" dereva akauliza.

"Mdogo wangu wa kike," akasema. "Mpigie kabla hujampa mtu yeyote ufunguo."