Aliyemgusa Fridolin

Fridolin alikutwa amelala kifudifudi kwenye jaruba la mpunga katika kijiji cha Mbingu, maji yenyewe hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Watu walijaa kwenye tuta, lakini hakuna aliyeshuka. Kifafa kimemmaliza, walisema, na povu la mwenye kifafa likikugusa, ugonjwa unahamia kwako.

Inspekta Eustaki alishuka mwenyewe na buti zake. Alimgeuza marehemu, akachunguza shingo. Nyuma ya sikio moja kulikuwa na michubuko minne, na mmoja upande wa pili.

"Huyu alikandamizwa," alisema. "Hivi ni vidole."

Hapo macho yote yakamgeukia Yosefina, mke wa marehemu, mtoto akiwa mgongoni. Ndiye peke yake aliyezoea kumshika Fridolin akianguka. Hata Mama Katarina, aliyemzaa, alikuwa akimwekea chakula kwenye bakuli lake la peke yake, kisha anarudi nyuma. Lakini mwenye maneno makali kuliko wote alikuwa Donati, kaka wa marehemu.

"Umechoka kufua mate yake, shemeji," alimwambia. "Ungesema tu, tukakurudisha kwenu. Mtoto utamwacha, ni wa kwetu."

"Mtoto bado ananyonya."

"Wanaonyongwa hawanyonyeshi."

Inspekta aliagiza wanaume wanne wabebe maiti hadi kwenye Landrova. Wakarudi nyuma wote. Mmoja alisema ni afadhali yeye afungwe jela kuliko kumgusa. Donati akasonya, akaingia majini, akamshika mdogo wake makwapani. Kichwa kilipolegea, alilifuta lile povu kwa kiganja kitupu, kisha akajipangusa pajani kama mtu aliyefuta jasho.

Eustaki alikitazama kile kiganja. Aliwachukua Donati na Mama Katarina hadi kituoni Ifakara, pamoja na Yosefina, ambaye sasa alikuwa mtuhumiwa.

Hospitalini, daktari alipasua kichwa cha marehemu, akamwonyesha Inspekta vifuko vyeupe ndani ya ubongo. Alieleza kwamba hao ni watoto wa tegu, mnyoo wa nguruwe. Mayai hutoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, yakamfikia mwingine kwa mikono michafu au maji. Yakishaanguliwa, mabuu yakifika kwenye ubongo huleta kifafa, na wengine hubadilika hata tabia. Kumgusa mgonjwa akianguka hakuambukizi.

"Marehemu alikuja kwangu majuzi," daktari aliongeza. "Aliniuliza kama dawa yake ya kutuliza kifafa inaweza kutosha watu wawili."

Eustaki alirudi kituoni, akamkalisha Donati mbele yake. Mama Katarina na Yosefina walikuwa kwenye benchi, hawasemeshani.

"Huogopi povu, Donati?"

"Ni mdogo wangu."

"Ni mtoto wa Mama Katarina pia. Yeye anaogopa."

Donati alivuta mkono wa shati lake hadi kwenye kifundo.

"Kunja mkono wa shati."

"Nasikia baridi."

"Baridi ya Ifakara? Kunja."

Kovu la moto lilianzia kwenye kiwiko likapanda hadi begani, kovu la mtu aliyeangukia mafiga asiweze kujiondoa. Mama Katarina akaziba mdomo kwa khanga. Yeye alikuwa ameambiwa ni maji ya moto.

"Ulianza lini kuanguka?"

"Mwaka jana. Fridolin peke yake ndiye aliyeniona."

Mengine yalitoka bila kusukumwa. Jumapili padre angetangaza ndoa yake na mchumba wake Digna kwa mara ya mwisho na kuuliza kama kuna anayejua kizuizi. Fridolin aliapa kusimama. Alitaka kaka yake aanze dawa kwanza, na binti ajue anaolewa na nani. Waligombana kwenye tuta, na katikati ya maneno Fridolin akaanguka majini.

"Ningemvuta tu, angeinuka," alisema Donati. "Siku zote alikuwa anainuka. Nikamkandamiza. Inspekta, nimemwona akila kwenye lile bakuli tangu tukiwa wadogo. Mimi nisingeliweza."

"Na shemeji yako anyongwe?"

"Wangeamini. Kila mtu alijua anamgusa."

Aliinuka nusu, macho yakapinduka, akaanguka sakafuni akitetemeka. Askari wakakimbilia mlangoni. Mama Katarina alijibana ukutani.

Yosefina alimtazama kwa muda. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi kwa bibi yake, akapiga magoti. Alimgeuza Donati ubavu, akamfungua kola ya shati ili apate hewa.

"Sikushiki kwa huruma," alimwambia, ingawa hakuwa anasikia. "Nataka ufike mahakamani ukiwa hai."